Baki la nini, na ni la nani?

Mfuko wa kilo 25 wa unga wa mahindi umefunguliwa sokoni Mutshatsha, katika mkoa wa Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ili uuzwe kwa rejareja. Kopo la kupimia linachukua robo tatu ya kilo. Yatatoka makopo mangapi, na kitabaki nini?

Mwanafunzi wa darasa la sita aliyeshika kanuni hatakawia. Atapindua 3/4 iwe 4/3, atazidisha kwa 25, atapata 100/3, yaani 33 na 1/3. Ataandika kwenye daftari: makopo 33, baki 1/3. Mama muuza unga naye, bila daftari, atapima makopo 33, atakung'uta mfuko, ataweka kilichobaki juu ya mizani na kusoma gramu 250. Robo kilo.

Theluthi au robo? Wote wawili wako sawa. Mwanafunzi amepima baki kwa kopo, mama amelipima kwa kilo, na theluthi ya kopo linalochukua robo tatu ya kilo ni robo kilo kamili. Kosa huzaliwa pale mwanafunzi anapomalizia jibu lake kwa kuandika "baki 1/3 ya kilo". Hapo atakuwa amezua gramu 83 za unga ambazo hazikuwahi kuingia mfukoni.

Hesabu za mafumbo zinazodai kugawanya kwa sehemu huku kitu kikibaki zina sifa mbaya katika shule za msingi, na si huku tu. Ugumu wake hauko katika kukokotoa. Uko katika maswali mawili ambayo kanuni haiyaulizi: baki hili ni la nini, na ni la nani? La kwanza ni la hisabati. La pili ni la maisha, na katika mkoa wa Lualaba, ambako shaba na kobalti hupimwa kwa tani, hukatwa kwa asilimia na kugawanywa kwa mafungu, swali hilo la pili huamua nani anaondoka na nini.

Kanuni inayoruka swali

"Pindua ya pili, kisha zidisha." Watoto wengi huikariri kanuni hii kabla hawajaelewa inafanya kazi gani. Ni kanuni ya kweli na haijawahi kudanganya. Ila inatoa namba moja iliyokamilika, 33 na 1/3, na kumwachia mtoto kazi ya kutambua kwamba 33 na 1/3 ni makopo, siyo kilo.

Iko njia nyingine, ndefu kidogo, inayomwonyesha mtoto kinachotendeka. Ageuze vyote viwe robo. Kilo 25 ni robo 100. Kopo moja ni robo 3. Sasa swali limekuwa la darasa la tatu: 100 gawanya kwa 3. Jibu ni 33, baki 1. Baki 1 nini? Robo moja, kwa sababu tulikuwa tunahesabu robo. Na robo moja ni sehemu gani ya kopo linalohitaji robo tatu ili lijae? Ni theluthi. Majibu yote mawili yametoka mahali pamoja, kila moja na kipimo chake, na mtoto ameona kwa nini hayagombani.

Hata walimu wenye vyeti huteleza hapa. Mtafiti Liping Ma, katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1999, alieleza jinsi walimu 23 wa Marekani na 72 wa China walivyopewa hesabu ya 1 na 3/4 kugawanya kwa 1/2, kisha wakaombwa watunge fumbo linaloendana nayo. Wachina wote 72 walikokotoa sawasawa. Kati ya Wamarekani 21 waliojaribu kukokotoa, 9 tu walifika mwisho bila kosa. Kwenye kutunga fumbo mambo yalikuwa mabaya zaidi: kati ya Wamarekani 23, ni mmoja tu aliyetoa hadithi iliyosimama kimantiki, ilhali Wachina tisa katika kila kumi waliweza. Kosa lililojirudia ni la kuchanganya kugawanya kwa nusu na kugawanya kwa mbili. Ni kama kusimulia mkate mmoja na robo tatu unaogawiwa watu wawili, na hiyo ni hesabu nyingine kabisa, yenye jibu la 7/8.

Fumbo sahihi lingeweza kutungwa na muuza mawese yeyote wa Kolwezi, mji mkuu wa mkoa. Ana lita 1 na robo tatu za mafuta. Anajaza chupa za nusu lita. Chupa tatu zinajaa na ya nne inafika katikati. Jibu ni 3 na 1/2: chupa tatu na nusu ya chupa. Lakini katika ile chupa ya nne hamna nusu lita ya mafuta, mna robo lita. Mteja akiambiwa "imebaki nusu" na akalipa bei ya nusu lita, amelipa mara mbili.

Fumbo lenye lugha mbili

Mutshatsha ni mji wa reli magharibi mwa Kolwezi, na jina lake ndilo jina la teritwari nzima. Mtoto wa huko huenda nyumbani anaongea Kilunda, Kindembu, Kichokwe, Kisanga au Kiluba. Sokoni na barabarani anaongea Kiswahili. Shuleni, Kiswahili humpokea katika miaka ya mwanzo, kisha Kifaransa hushika usukani. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa na lugha za mazingira ya mtoto zitumike kufundishia, lakini kufikia wakati sehemu zinapoanza kugawanywa kwa sehemu, kitabu, ubao na mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya msingi viko katika Kifaransa.

Kwa hesabu tupu hili si tatizo kubwa. 3/4 ni 3/4 katika lugha zote. Kwa fumbo ni jambo lingine. Fumbo huficha kipimo ndani ya sentensi. "Ni makopo mangapi yaliyojaa?" ni swali moja. "Ni kilo ngapi zitabaki?" ni swali la pili. "Yanahitajika makopo mangapi ili unga wote uingie?" ni la tatu, na jibu lake ni 34. Namba zilezile, mgawanyo uleule, majibu matatu. Mtoto anayesoma Kifaransa kwa kuokoteza maneno ataziona namba mbili, atahisi kwamba zinagawanyika, atagawanya, ataandika anachopata. Mwalimu atatia alama ya kosa, na mtoto ataondoka akiamini kwamba sehemu zimemshinda, ilhali kilichomshinda ni mkia wa sentensi.

Idadi ya wanafunzi nayo ina uzito wake. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 43, inatamka kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Utekelezaji wa jumla ulianza Septemba 2019, watoto waliokuwa nje wakaingia, na vyumba vikafurika. Darasa likifurika, mwalimu hulazimika kusahihisha namba ya mwisho tu, kwa kuwa hana muda wa kusoma mtoto alifikiaje hapo. Hesabu za mafumbo ndizo huumia kwanza, maana thamani yake yote iko katika njia.

Simu nayo imeongeza mtego wake. Gawanya 25 kwa 0,75 na kioo kitaonyesha 33,3333333. Namba hiyo inavutia kwa sababu inaonekana imekamilika. Lakini mkia wa 0,333 unaendelea kuwa theluthi ya kopo, na simu haina habari kwamba kuna kopo. Anayeusoma kama gramu 333 amerudi kwenye kosa lilelile la daftari, safari hii akiwa na mashine ya kumtetea.

Hatima tatu za baki

Tukishajua baki ni la nini, linabaki swali la kulifanyia nini. Vitabu vya shule mara nyingi hulipita. Maisha hayalipiti, na yana njia tatu za kulijibu.

Njia ya kwanza ni kuliacha. Fundi cherehani ana kitenge cha yadi 6, ambacho ni karibu mita 5 na nusu. Kila gauni la mtoto linakula robo tatu ya mita. Mita 5 na 1/2 gawanya kwa 3/4 ni 22/3, yaani 7 na 1/3. Magauni ni saba. Hakuna mtoto atakayevaa theluthi ya gauni. Lakini baki halijapotea: ni robo ya mita ya kitenge, na robo hiyo ina mwenyewe. Ikiwa kitambaa kililetwa na mteja, ni haki yake kuondoka nacho, afanye kilemba cha mtoto au kiraka. Ikibaki dukani kwa fundi bila neno lolote, basi fundi amejilipa.

Njia ya pili ni kupandisha. Wakulima wana mahindi tani 7 na nusu ya kupeleka Kolwezi, na gari walilopata linabeba tani 1 na robo tatu kwa safari. 7 na 1/2 gawanya kwa 1 na 3/4 ni 30/7, yaani safari 4 na 2/7. Hapa kuliacha baki ni kuacha mahindi kando ya barabara. Safari ni tano. Ya tano itabeba nini? 2/7 ya mzigo wa gari, yaani nusu tani. Dereva atasema, na kwa haki, kwamba gari likiwa na nusu tani linakunywa mafuta karibu sawa na likiwa limejaa. Wakulima nao watasema, na kwa haki, kwamba hawawezi kulipa bei ya tani 1 na robo tatu kwa nusu tani. Hisabati imewapa pande zote mbili namba za kushikia: 2/7 ya bei kwa upande mmoja, bei nzima kwa upande wa pili. Watakapokutana katikati ni biashara, ila asiyejua kwamba safari ya tano ni 2/7 hana hata pa kuanzia kubembeleza.

Njia ya tatu ni kulivunja baki liwe la kipimo kidogo zaidi na kuendelea kugawa. Watu wa Kolwezi hufanya hivi kila siku bila kuiita hesabu. Dola ya Marekani inatumika sana sokoni, lakini kwa noti tu. Senti za Marekani hazitembei Kongo. Watu wanane wakigawana dola 100, kila mmoja anastahili dola 12 na nusu, na nusu dola haipo. Basi kila mmoja anachukua dola 12, zinabaki 4, na hizo 4 zinageuzwa faranga. Tuseme kiwango cha siku ni faranga 2 800 kwa dola: zinapatikana 11 200, na kila mmoja anapata 1 400. Baki limebadilisha kipimo na kugawanyika bila kuacha kitu.

Waandishi wa Misri ya kale walilijua jambo hili. Mafunjo ya Rhind, yaliyonakiliwa na mwandishi aitwaye Ahmes kiasi cha mwaka 1550 kabla ya Kristo, yanaanza mafumbo yake kwa mikate ya kugawia watu kumi. Mikate sita kwa watu kumi: kila mtu nusu mkate na sehemu ya kumi ya mkate. Mikate mitano inakatwa nusu nusu, inatoa vipande kumi. Mmoja uliobaki unakatwa vipande kumi. Kila mtu anaondoka na vipande viwili vinavyofanana na vya jirani yake, na hakuna haja ya kumwamini mgawaji, kwa kuwa usawa unaonekana kwa macho.

Sokoni kuna hatima ya nne isiyoandikwa vitabuni: matabishi. Ile robo kilo ya mwisho, mama humtilia mteja wa mwisho juu ya kopo lake kama nyongeza, ili kesho arudi. Kwa kalamu ni hasara. Kwa biashara ni bei ya kumshika mteja, na mama anajua thamani yake hadi gramu.

Asilimia za shaba

Toka sokoni, panda hadi kwenye migodi, na hesabu inabaki ileile, isipokuwa baki limekua.

Kanuni za Madini za Kongo za mwaka 2002, zilizorekebishwa kwa sheria ya Machi 2018, zinatoza mrabaha wa asilimia 3,5 kwa shaba. Kobalti, baada ya kutangazwa kuwa madini ya kimkakati Novemba 2018, inatozwa asilimia 10. Mrabaha huo hugawanywa kwa mafungu manne: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mamlaka za mitaa pale mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa sehemu ni 1/2, 1/4, 3/20 na 1/10. Jumlisha: zinatimia moja kamili. Sheria haikuacha baki.

Sasa tuzishushe zifike mkononi. Katika kila dola 200 za thamani ya shaba, mrabaha ni dola 7. Nusu yake, dola 3 na nusu, ni ya Kinshasa. Robo, dola 1 na senti 75, ni ya mkoa. Mamlaka ya mtaa inapata dola 1 na senti 5. Mfuko wa vizazi vijavyo, senti 70. Katika kila dola 200 za kobalti, mrabaha ni dola 20, na mafungu ni 10, 5, 3 na 2.

Tutunge fumbo juu yake, kwa namba rahisi za kufundishia. Tani moja ya shaba iwe na thamani ya dola 10 000, na dawati moja la shule ligharimu dola 75. Tani hiyo inatoa mrabaha wa dola 350, na fungu la mtaa ni dola 52 na nusu. Tani moja ya shaba inanunua madawati mangapi? 52 na 1/2 gawanya kwa 75 ni 7/10. Saba ya kumi ya dawati. Mtoto atacheka, na acheke, kisha aulizwe: hizo dola 52 na nusu ziko wapi wakati zinasubiri nyingine? Kwa tani kumi yanapatikana madawati saba, bila baki. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kisiwe na tundu. Na wahenga walikwishaonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Mgawanyo unaofuata ni mgumu zaidi, kwa kuwa mgodi hauheshimu mipaka ya mamlaka za mitaa. Shimo likiwa upande mmoja na kiwanda upande wa pili, fungu moja la 3/20 linadaiwa na wawili. Mmoja akipewa theluthi mbili za fungu hilo, ni theluthi mbili za 3/20, yaani 1/10 ya mrabaha wote. Mwenzake anabaki na theluthi moja, yaani 1/20. Mkutanoni mtu anaweza kusimama na kusema "sisi tunapata theluthi", na mwingine kusema "nyinyi mnapata sehemu ya ishirini", na wote wawili wakawa wanasema kweli juu ya pesa zilezile. Ni theluthi ya kopo na robo ya kilo, zimevaa suti.

Mfano safi kuliko wote uko kwenye umiliki wa Kamoa-Kakula, mgodi mkubwa wa shaba ulioko kama kilomita 25 magharibi mwa Kolwezi, ambao ulianza kutoa makinikia Mei 2021. Serikali ya Kongo ina asilimia 20. Zile 80 zilizosalia zinashikwa na kampuni mama, na ndani ya kampuni hiyo Ivanhoe Mines ina asilimia 49,5, Zijin Mining ina 49,5, na Crystal River ina 1. Ukigawa 100 kwa wakubwa wawili bila yeyote kufikia nusu, kipande kimoja lazima kibaki, na kipande hicho kina mwenyewe. Asilimia 1 ya kampuni mama ni 1/100 ya 4/5, yaani asilimia 0,8 ya mgodi. Na 49,5 ya kampuni mama ni 39,6 ya mgodi. Mwanafunzi akielewa kwa nini 1 na 0,8 ni hisa ileile, ameshaelewa somo lote la baki la sehemu.

Chini kabisa ya ngazi yuko mchimbaji mdogo na mfuko wake wa mawe. Ripoti ya Amnesty International na Afrewatch ya Januari 2016 ilieleza jinsi wachimbaji wanaouza kwenye depo za Musompo, nje ya Kolwezi, walivyowategemea wanunuzi kuwapimia uzito na kiwango cha madini, bila wao kuwa na njia ya kuhakiki. Tukifikiria kwa namba: mawe yana kobalti ya asilimia 2 na robo tatu, na ubao wa bei una ngazi za asilimia nzima tu. Mnunuzi anasoma "mbili". Kilichoangushwa ni 3/4, na inaonekana ndogo. Lakini ni 3/4 ya nini? Katika 2 na 3/4, ambazo ni robo 11, zimeangushwa robo 3. Ni 3/11 ya kobalti yote, zaidi ya robo ya jasho la siku. Fundi cherehani aliacha theluthi ya gauni kwa sababu gauni halikatwi. Kobalti inakatika hadi gramu. Kuangusha baki lake ni uamuzi wa mtu, wala hesabu haikumlazimisha.

Kabla ya kugawanya

Mwalimu mwenye watoto wengi na chaki chache anaweza kufanya nini? Mengi, na hayahitaji vifaa vya dukani.

Kwanza, kila namba iandikwe na kipimo chake kando, hata katikati ya kukokotoa. Siyo "25 gawanya kwa 3/4" bali "kilo 25, kila kopo kilo 3/4". Namba isiyo na kipimo isipokelewe, hata ikiwa sahihi.

Pili, mtoto akadirie kabla ya kukokotoa. Kopo ni dogo kuliko kilo, basi makopo lazima yazidi 25. Mtoto aliyepata 18 na 3/4 atajua mwenyewe kwamba amezidisha mahali pa kugawanya.

Tatu, arudi nyuma. Makopo 33 mara 3/4 ni kilo 24 na 3/4. Toa katika 25, inabaki 1/4 ya kilo. Kisha 1/4 gawanya kwa 3/4 ni 1/3 ya kopo. Hatua hii moja inasahihisha jibu na kutoa majina yote mawili ya baki kwa wakati mmoja. Kama ningeruhusiwa kuongeza kitu kimoja tu kwenye mtaala, ningeongeza hiki.

Nne, fumbo lisimuliwe kwanza kwa Kiswahili, au kwa lugha yoyote darasa linayoielewa, hadi mtoto mmoja aweze kulisimulia upya kwa maneno yake. Ndipo lisomwe kwa Kifaransa. Mtihani utakuja kwa Kifaransa na lazima wauzoee, lakini anayejua kinachoulizwa hujifunza maneno yake haraka kuliko anayebahatisha.

Tano, jibu limalizwe kwa sentensi inayosema baki linakwenda wapi: linaachwa, linapandishwa, linavunjwa, au linatolewa matabishi.

Kwa msomaji anayetaka kujipima mwenyewe, au kumpima mtoto mezani baada ya bukari, yaani ugali, haya hapa mafumbo matatu.

La kwanza. Una lita 4 na nusu za mawese na chupa zinazochukua theluthi mbili za lita. Ngapi zitajaa, na kitabaki kiasi gani cha mafuta?

La pili. Paa la darasa lina upana wa mita 8. Kila bati, baada ya kupandanishwa na la jirani, linafunika robo tatu ya mita. Utanunua mabati mangapi kwa mstari mmoja?

La tatu. Wachimbaji wanne wameuza mawe kwa dola 480. Aliyewagharamia chakula na vifaa anachukua nusu. Mwenye shimo anachukua theluthi. Kinachobaki wanagawana wanne sawasawa. Kila mmoja anapata nini?

Jibu la kwanza: 4 na 1/2 gawanya kwa 2/3 ni 6 na 3/4. Chupa sita zinajaa. Ya saba inafika robo tatu yake, ambayo ni nusu lita. La pili: 8 gawanya kwa 3/4 ni 10 na 2/3, kwa hiyo nunua 11, na ujue kwamba la mwisho litafanya kazi ya nusu mita tu.

La tatu lina majibu mawili. Ikiwa mwenye shimo anachukua theluthi ya dola zote 480, anapata 160, zinabaki 80, na kila mchimbaji anaondoka na dola 20. Ikiwa anachukua theluthi ya kile kilichobaki baada ya mgharamiaji kuchukua nusu yake, anapata 80, zinabaki 160, na kila mchimbaji anaondoka na dola 40. Hakuna kanuni ya kupindua na kuzidisha itakayoamua kati ya hayo mawili. Yaamuliwe na kuandikwa kabla mtu hajashuka shimoni, maana aliyeandika "theluthi" bila kutaja ni ya nini, bado hajaandika makubaliano yoyote.